Mkono Juu ya Santuri

Simulizi ya kweli ya wikiendi: sehemu ya kwanza

1. MTI

Mtoto yuko juu ya mti, na redio anayo.

Usiniulize bado anafanya nini huko. Nitakwambia. Kwanza ujue yuko wapi, maana ukikosea mahali, hadithi yote itakupotea.

Hapa si Temeke, wala si New York. Hapa ni Mount Uniacke, kijiji cha misitu na viziwa katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada, kilomita kama 40 kutoka mji wa Halifax. Ni katikati ya miaka ya 1980.

Kijiji kina mambo mawili ya kujivunia. La kwanza ni jumba la Richard John Uniacke, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Nova Scotia, lililokamilika mwaka 1815 na sasa ni makumbusho. La pili ni dhahabu, ambayo watu waliichimba katika karne ya 19 mpaka wakachoka.

Baada ya hapo? Miti. Halafu miti tena.

Sasa niambie, hip hop inaingilia wapi hapo?

Inaingilia hewani, mpendwa. Shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilikuwa na kipindi kilichoitwa Brave New Waves, kilichorushwa kutoka Montreal usiku, wakati watu wa heshima wamekwisha kulala. Kilipiga muziki ambao redio ya mchana isingethubutu kuugusa.

Kijana wetu alikuwa hajalala. Ndipo akaisikia hip hop.

Ukishaonja utatulia? Hutulii! Utataka zaidi. Na zaidi ilikuwapo Halifax, kwenye kituo cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dalhousie kinachoitwa CKDU. Pale rap ilipigwa na watu walioijua.

Tatizo ni kwamba kituo kile kilikuwa na nguvu ndogo. Mawimbi yake yalipofika Mount Uniacke yalikuwa hoi. Ukiwa chini, unasikia shiii tupu.

Na ukipanda juu ya mti?

Naam! Sasa umejua anafanya nini huko.

Unacheka? Sema kweli. Hujawahi kusimama juu ya kichuguu kule kwa bibi, simu umeinyoosha mbinguni, unatafuta mtandao? Basi mwenzako alifanya hivyohivyo, ila yeye alikuwa anatafuta muziki.

Na ndani ya muziki ule kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu.

Katikati ya ngoma na maneno, ilitokea sauti isiyo ya gitaa, isiyo ya tarumbeta, isiyo ya mdomo wa mtu. Wika-wika! Wika-wika-wika! Kuna mtu anakisugua kitu, na kile kitu kinamjibu.

Anasugua nini? Kwa mkono gani? Kwa chombo gani?

Redio inatoa sauti, haioneshi mikono. Aliye juu ya mti atabaki anakisia tu.

Lakini mimi na wewe hatuna sababu ya kukisia. Tumwache kijana, ameshika tawi imara. Tushuke mpaka New York, turudi nyuma kama miaka kumi, tuingie katika chumba kimoja ambako mama mzazi anakuja kwenye korido kwa hasira, na mlango uko karibu kufunguliwa...

2. MLANGO

Mwaka ni 1975. Mahali ni Bronx. Ndani ya chumba kuna mtoto wa miaka kama 12 aitwaye Theodore Livingston, na muziki wake unatikisa kuta.

Mama anakuja. Hatua zake unazisikia?

Ngoja kwanza, usimfungulie. Akiingia kabla sijakueleza jambo moja, hutaelewa kwa nini mlango ule ni maarufu duniani.

Miaka miwili nyuma, tarehe 11 Agosti 1973, msichana mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa sherehe kwenye ukumbi wa jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, hukohuko Bronx. Alitaka hela ya nguo za shule. Dijei hakumtafuta mbali, alimchukua kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika, mrefu na mwenye mwili, ambaye mtaa ulimwita Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho. Aliona kwamba wachezaji hawausubiri wimbo. Wanakisubiri kipande kimoja tu, pale mwimbaji anaponyamaza, vyombo vinakaa pembeni, ngoma inabaki peke yake. Kipande hicho kikifika, watu wanapagawa. Sekunde chache, kimekwisha.

Afanyeje? Akatafuta nakala mbili za santuri ileile. Ngoma ikiisha upande huu, anairudia upande wa pili. Sekunde chache zikawa dakika nzima, na dakika zikazaa utamaduni.

Mama yuko wapi? Bado yuko kwenye korido. Tulia.

Akaja mwingine, Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx. Huyu ni Grandmaster Flash. Utotoni alichapwa na baba yake kwa kugusa santuri za mzee. Akaendelea kuzigusa. Shuleni alisomea mambo ya umeme, na alipomtazama Herc hakuridhika. Ngoma inarudiwa, sawa, lakini hailingani, miguu ya watu inachanganyikiwa.

Basi Flash akachukua kalamu ya rangi akachora alama juu ya santuri yenyewe. Jicho likishika alama, mkono unajua pa kuirudisha. Akachukua kitambaa kizito, akakipiga wanga wa nguo kikakauka, akakiweka chini ya santuri. Sasa sahani ya mashine inazunguka, na santuri juu yake inaweza kushikwa bila kukwama.

Na mwenzake Flash katika kazi hiyo alikuwa nani? Kijana aitwaye Mean Gene.

Na Mean Gene alikuwa kaka wa nani?

Wa Theodore, huyu aliyeko chumbani!

Haya, sasa mama afungue.

Mlango ukafunguliwa. Mama anataka kelele zipungue, la sivyo muziki unazimwa. Theodore, kwa adabu, hakuizima mashine. Aliweka tu kiganja juu ya santuri ili imsubiri mama amalize. Mama anasema, mtoto anaitikia, na kidole hakitulii. Kinaisogeza santuri mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma.

Kwenye hedifoni aliyokuwa amevaa, ile sauti ikamfikia. Wika-wika.

Mama alipoondoka, mtoto hakuendelea na wimbo. Aliendelea na ile sauti. Aliifanyia mazoezi kwa miezi mingi kabla ya kuitoa mbele ya watu, na alipoitoa, mtaa ulimpa jina linalodumu mpaka leo, Grand Wizzard Theodore.

Kwa hiyo umepata jibu la kijana wa mtini. Kinachosuguliwa ni santuri. Kinachosugua ni mkono mtupu. Sauti hiyo, skrachi, ni tunda la mtoto aliyekatazwa kelele.

Ila umejibiwa wewe. Yeye bado yuko juu ya mti, na mpaka wa nchi uko katikati.

Tena kuna jambo sijakwambia. Bronx hiyohiyo ilikuwa karibu kumwita kijana wetu. Na haikumwita kwa muziki.

3. GONGO

Tuanze na sauti ilivyovuka.

Mwaka 1981 Grandmaster Flash alirekodi kazi ya dakika kama saba, The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel. Hakukuwa na bendi. Kulikuwa na mashine za santuri na mikono yake. Aliyekuwa mbali aliweza sasa kununua skrachi dukani, kama duka lake lilithubutu kuileta.

Kisha ikaja 1983. Herbie Hancock, mpiga kinanda mkubwa wa jazi, alitoa wimbo uitwao Rockit. Ndani yake, aliyetamba kwa skrachi alikuwa dijei GrandMixer D.ST. Februari 1984 wakapanda jukwaa la tuzo za Grammy, televisheni inarusha moja kwa moja, roboti zinarusha miguu hewani. Na pale katikati yuko dijei, anaipiga mashine ya santuri.

Watu wazima waliona vituko. Vijana waliona mikono.

Madijei wengi waliokuja kutikisa dunia baadaye wanautaja wimbo huo kuwa ndio uliowaingiza kazini. Skrachi ilitoka chumbani, ikaenda ukumbini, ikaingia kwenye sebule za watu.

Sasa rudi msituni nami.

Kijana wetu anakua. Mabega yanapanuka. Na ana kipaji ambacho hakina uhusiano wowote na redio. Anacheza besiboli.

Anacheza kiasi gani? Kiasi kwamba, akiwa bado kijana, maskauti wa New York Yankees walimtupia jicho.

Soma tena. New York Yankees! Klabu ambayo watoto wa Marekani nzima huota kuvaa kofia yake, na ambayo kofia yake umeiona hata Kariakoo, kichwani kwa mtu asiyejua hata gongo linashikwaje. (Gongo la kupigia mpira, usinielewe vibaya.)

Na uwanja wa Yankees uko wapi?

Uko Bronx. Kutoka uwanjani mpaka Sedgwick Avenue, pale Herc alipomchezeshea dada yake sherehe, ni mwendo wa miguu usiofika saa moja.

Unaona mtego huu? Mtaa mmoja, mbali kule kusini, unamwita mtoto mmoja wa kijijini kwa midomo miwili. Mdomo mmoja una gongo, kandarasi, mshahara, na majirani watakaojisifu. Mdomo wa pili una sindano juu ya santuri, na hauahidi kitu. Hakuna kijijini aliyewahi kuona mtu akila kwa kazi hiyo.

Mjomba wako angekushauri nini? Najua. Na wangu pia.

Kijana akaenda wapi?

4. MASHINE

Hakuvaa kofia ya Yankees.

Kama ulitaka hadithi ya besiboli, pole, hapa ndipo tunapoachana nayo. Lakini kama uko nami, vuta kiti, kwa sababu sasa tunaingia jikoni penyewe.

Kijana wetu alizaliwa mwaka 1972. Mwaka huohuo, kule Japani, kampuni ya Matsushita ilitoa mashine ya santuri chini ya jina la Technics. Modeli yake, SL-1200.

Wajapani waliitengeneza kwa ajili ya mabwana wanaokaa sebuleni kusikiliza muziki taratibu. Hawakujua wamezaa nini! Mwaka 1979 wakaiboresha, ikaitwa SL-1200MK2, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chombo cha kazi cha dijei wa hip hop popote alipo.

Kwa nini hiyo, na si ile ya baba sebuleni?

Mashine nyingi za nyumbani zinazungushwa na mkanda wa mpira. Ukiishika santuri kwa nguvu, mkanda unalegea, sahani inakufa. Ukiachia, inajikongoja kurudi kwenye mwendo wake. Wimbo unasikika umelewa.

Technics haina mkanda. Mota iko chini ya sahani yenyewe, inaisukuma moja kwa moja. Ukiachia mkono, mwendo unarudi katika muda usiofika sekunde moja. Mkono wako unafanya ufisadi wote, ngoma haipotei.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko mkono wa pili.

Katikati ya mashine mbili kuna miksa, na kwenye miksa kuna kitufe cha kuteleza kinachoamua upande upi usikike. Mkono mmoja unasukuma santuri mbele na nyuma. Mwingine unafungua na kufunga sauti. Wa kwanza unatunga herufi, wa pili unazikata ziwe maneno.

Ukiacha kitufe wazi ukasugua tu, hiyo ni skrachi ya watoto, na kwa kweli ndivyo wanavyoiita. Ukifunga mwishoni mwa kila msukumo, inalia kijindege. Ukikata sauti mara nyingi ndani ya msukumo mmoja, unapata kishindo kilichotoka Philadelphia, kwa watu kama Jazzy Jeff na Cash Money, miaka ileile ambayo kijana wetu alikuwa anahangaika na mawimbi.

Mikono miwili, kazi mbili tofauti, kwa wakati mmoja, bila kuachana na ngoma. Jaribu kuchora duara kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unaandika jina lako. Umeshindwa? Sasa fanya hivyo watu wakiwa wanacheza.

Vijana wa Bronx, Philadelphia na baadaye California walikuwa na bahati moja kubwa. Walisimama nyuma ya mtu anayejua, wakamtazama. Mmoja akigundua kitu Ijumaa, Jumapili mtaa mzima unacho.

Huko msituni utamtazama nani?

Hakuna mwalimu. Hakuna video ya kufungua kwenye simu, kwa sababu hakuna simu ya kufungulia. Kuna sikio tu. Kijana alijifundisha mwenyewe kuskrachi, akajifundisha kurap, akajifundisha kutengeneza biti. Vyote vitatu, kazi ambazo mjini zinagawanywa kwa watu watatu.

Hapa nikunong'oneze ninachokiamini, kisha tuendelee. Watu husema kijana huyu alifanikiwa ijapokuwa alitoka kijijini. Mimi nakataa. Anayejifunza kwa kutazama mikono ya mwenzake ataishia kuwa na mikono ya mwenzake. Anayejifunza kwa kukisia kwa sikio atakisia vibaya mara nyingi, na katika hayo makosa ndimo atakamookota mtindo ambao mjini hakuna aliye nao. Umbali ulimnyima mwalimu, ukampa sauti yake. Shika neno hili, utalihitaji mwishoni.

Basi, akaenda Halifax. Na unajua alipiga hodi wapi?

CKDU. Kituo kilekile! Kile ambacho mawimbi yake alikuwa anayafuata juu ya matawi, sasa amekaa ndani yake, mbele ya maikrofoni, anaendesha kipindi chake cha hip hop.

Hewani alijiita DJ Critical.

Sasa zamu yake ya kurusha. Lakini rap ilikuwa inatoka New York na Los Angeles, na inasimulia mitaa ya huko. Mzungu kutoka msituni Nova Scotia anafungua mdomo asimulie nini? Akiiga, watamcheka. Akisema kweli, nani atanunua habari za misitu?

5. MAJINA

Kwanza alijificha. Tena alijificha nyuma ya majina!

Umeshalipata moja, DJ Critical. Ongeza Stinkin' Rich. Ongeza Uncle Climax. Ongeza Johnny Rockwell. Ukimtafuta huyu bwana kwa jina moja utafikiri Halifax ina jeshi zima la marapa, kumbe ni mtu mmoja anabadilisha shati.

Jina la kwenye cheti ni Richard Terfry.

Mwaka 1994, akiwa bado Stinkin' Rich, alitoa kanda iliyoitwa Game Tight kupitia Murderecords. Na hapa kuna kichekesho. Murderecords ilikuwa lebo ya Sloan, bendi ya roki ya Halifax. Yaani rap ya Nova Scotia ililelewa na wapiga magitaa. Mji mdogo hauna anasa ya kubaguana. Mwenye lebo ni mmoja, basi wote mtaingia kwake.

Wala hakuwa peke yake. Lebo hiyohiyo iliwabeba Hip Club Groove, vijana wa Truro, mji mwingine mdogo wa jimbo lilelile, pamoja na dijei wao DJ Moves. Kule pembeni ya dunia kulikuwa kunachemka, na New York haikuwa na habari.

Kisha akakutana na Sixtoo, mtundu mwenzake wa Halifax. Wakaunda kundi la Sebutones, muziki wa giza, mzito, usiofaa harusini. Akajiunga na 1200 Hobos, chama cha madijei wa skrachi kilichozunguka jina la Mr. Dibbs, dijei wa Cincinnati huko Marekani. Ile 1200 ni ya nini? Ulisoma habari za mashine juu, jijibu mwenyewe.

Na hatimaye akavaa jina lililomganda. Buck 65.

Ndilo hilo! Nimekuficha tangu mwanzo, samahani, ndiyo kazi yangu.

Chini ya jina hilo akatoa albamu ya Vertex. Ndani yake mna wimbo unaoitwa The Centaur, ambamo anazungumza kiumbe nusu mtu nusu farasi, ambaye ana mengi ya kusema lakini watu wanamkodolea mwili tu.

Umemwona ni nani huyo farasi? Mtu ambaye ukimtazama humwoni rapa, unaona kituko. Mwanakijiji, mzungu, dijei anayeskrachi, mtunzi anayesimulia hadithi, vyote katika kiwiliwili kimoja. Hakuiga New York. Alisema kweli yake, kwa mafumbo.

Na kweli hiyo ilinunuliwa. Polepole, kwa mikono, duka kwa duka. Mwaka 2001 albamu yake Man Overboard ikatoka kupitia Anticon, kundi lenye makao California lililokuwa linaipindua rap kichwa chini miguu juu. Jukwaani alisimama peke yake. Anarap, anashuka kwenye santuri, anaskrachi, anarudi kwenye maikrofoni. Yeye ndiye bendi.

Ndipo 2002 mlango mkubwa ukabishwa. Warner Music Canada.

Lebo kubwa, mpendwa. Ofisi zenye vioo, wanasheria, wahasibu. Wanamtaka mtoto wa mtini. Wameweka kandarasi mezani, naye ameisaini.

Lebo kubwa inataka nini kutoka kwako? Hata wewe unajua. Wimbo wa dakika tatu na nusu. Kiitikio kinachokaa mdomoni. Kitu ambacho redio itakipiga asubuhi, mchana na jioni mpaka ukichukie.

Buck 65 akaingia kazini. Akamaliza. Akawakabidhi albamu iitwayo Square.

Wakahesabu nyimbo.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Wakatafuta ya tano. Haipo.

Nne tu! Na kila moja imezidi dakika kumi. Ndani yake hadithi inaungana na hadithi, skrachi inashona biti na biti, bila nafasi ya mtangazaji kuingiza hata tangazo la sabuni. Hakuna dakika tatu na nusu. Hakuna kipande cha kukata kikapelekwa redioni.

Kijana aliyelelewa na redio amewapa mabwana albamu ambayo redio haiwezi kuipiga.

Walimfanya nini?

Walimrudishia? Walimfukuza? Waliichapa hivyohivyo wakifunga macho?

Mimi najua. Wewe subiri.

Jumamosi ijayo tutaingia ofisini kwao. Tutakwenda kwenye tuzo za Juno, ambako jina lake litaitwa. Tutakwenda Paris, alikokwenda kufanya nini sijui mtu wa msituni. Tutakutana na kijana mwingine wa Halifax, dijei Skratch Bastid, ambaye atatamba kwenye mashindano ya Scribble Jam kule Marekani kisha ashirikiane na Buck 65 katika albamu nzima. Na tutafika mwaka 2008, mwaka ambao bwana huyu alipewa kazi moja ya jioni, kazi ambayo ukiisikia utapiga kofi paja.

Usitafute jibu kwenye simu, utajiharibia. Na jirani akikuuliza imeishia wapi, usimwambie. Naye anunue gazeti lake.

ITAENDELEA